Mwaminifu kwa Kiingereza anaitwaje?

“Habari yako, Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 26, na huu ni mwaka wangu wa nne nikiuza katika hadiwea moja hapa Kariobangi. Mwezi uliopita niliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya karani wa stoo katika kampuni moja ya Industrial Area. Barua yangu ilikuwa nzuri kwa sababu niliandikiwa saiba. Lakini waliponiambia nitaje sifa zangu tatu, nilisema mimi ni ‘hardworking’, ‘faithful’ na ‘cunning’. Kichwani nilikuwa nawaza mchapakazi, mwaminifu na mwerevu. Walitazamana, mmoja akatabasamu, na tangu siku hiyo simu haijalia. Binamu yangu amenitumia orodha ya maneno 50 ya sifa za watu waliofanikiwa, nami nakariri usiku. Nimefika la kumi na saba na la tatu nimeshalisahau. Je, nikariri yote? Ni yapi hasa yanayotakiwa? Na je, niwapigie simu niwaeleze kwamba sikukusudia kusema mimi ni mjanja?”

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na ndani yake naona hofu mbili ambazo ni afadhali tuzitenganishe. Ya kwanza ni kwamba maneno matatu yamekukosesha kazi. Ya pili ni kwamba wako watu wenye orodha ya maneno ya kufaulia, na wewe hukuipata mapema. Kuhusu ya kwanza, si mimi wala wewe tunayeweza kujua kilichosemwa ndani ya chumba kile baada ya wewe kutoka. Huenda aliyepewa nafasi alikuwa amekwisha kufanya kazi ya stoo kwa miaka mingi, na huenda hata yeye hajapigiwa simu mpaka leo. Sipendi ukose usingizi kwa jambo usilolijua. Hata hivyo nitakuwa nakudanganya nikikwambia kwamba maneno yale hayakuwa na dosari yoyote. Moja lilikuwa sawa, moja lilikuwa nusu sawa, na moja lilikwenda upande ambao hukuukusudia. Habari ya orodha nitaijibu baadaye. Kwanza tuyatazame maneno yako mwenyewe, kwa sababu makosa uliyoyafanya si ya ujinga. Yametokana na Kiswahili chako kizuri, na ukielewa yalivyotokea hutahitaji kukariri nusu ya ile orodha.

Tuanze na lililowafanya watazamane. Katika Kiswahili, neno “mwerevu” limebeba mizigo miwili. Mwalimu wa darasa la nne akimwita mtoto mwerevu, mzazi anafurahi. Sungura wa ngano zetu naye tunamwita mwerevu, ilhali kazi yake kubwa ni kumlia njama simba na kumwachia fisi lawama. Akili na hila zimekaa katika neno moja, na sisi wasikilizaji tunatambua kwa muktadha ni ipi iliyokusudiwa. Ndiyo sababu ukifungua kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza utakuta “clever”, “shrewd” na “cunning” yamepangwa kwenye mstari mmoja, yametenganishwa kwa mkato tu, na mkato haukwambii lipi linamfaa nani. “Clever” ni mwenye akili nyepesi. “Shrewd” ni anayepima mambo vizuri, hasa mambo ya fedha na biashara, wala halaghaiki kwa urahisi. “Cunning” ni yule anayefika anakotaka kwa kumzunguka mwenzake. Zamani sana neno hilo lilikuwa la heshima, maana lina asili moja na “can” na lilihusu kujua na kuwa na ustadi, lakini Kiingereza cha leo kimelishusha hadhi. Sasa jiweke upande wa pili wa meza: watu wanamtafuta mtu wa kumkabidhi funguo za stoo, kisha mbele yao anaketi dada mpole anayewaambia kwamba yeye ni mtu wa hila. Tabasamu lile, kwa maoni yangu, halikuwa la dharau. Naamini walielewa kwamba neno ndilo lililoteleza.

Nakusimulia na langu ili usijione peke yako. Katika barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi, nilipokuwa kijana, niliandika kwamba mimi ni “stubborn”. Nilikuwa nimetafuta kwenye kamusi neno la “mshupavu”, maana baba yangu alizoea kunisifu kwa neno hilo. Kamusi haikukosea, kwa kuwa mshupavu ni jasiri na pia ni mkaidi, ila mimi nilichukua neno la ukaidi nikalivaa kama nishani. Nililotaka lilikuwa “determined”. Mtu yule yule, akishikilia jambo ambalo msikilizaji analikubali, huitwa “determined”. Akishikilia lile ambalo msikilizaji halikubali, huitwa “stubborn”. Maneno ya sifa katika Kiingereza yana tabia hiyo ya kumweleza mtu na papo hapo kutoa hukumu juu yake.

Kama ulitaka kusema kwamba una akili, ushauri wangu ni kutokutumia neno la sifa kabisa. Sema “I learn quickly”, kwamba unajifunza haraka. Neno “intelligent” ni zuri likitamkwa na mtu mwingine kukuhusu, lakini ukijitamkia mwenyewe huonekana unajikweza. Nalo “smart” lina utata wake: kwa Waingereza ni nadhifu wa mavazi, kwa Wamarekani ni mwenye akili, na hapa Nairobi tunalitumia kwa yote mawili, kwa hiyo anayekusikiliza anaweza kudhani unaisifu blauzi yako.

Sasa “faithful”, ambalo nimeliita nusu sawa. Nadhani wengi wetu tulikutana nalo mara ya kwanza mwishoni mwa barua rasmi, pale tunapoandika “Yours faithfully” kabla ya kutia sahihi, nasi tukaamini kwamba ni neno la ofisini. Nje ya hapo, Mwingereza hulitumia zaidi kwa mke au mume asiyetoka nje ya ndoa, kwa mbwa asiyemwacha bwana wake, na kwa waumini. Uaminifu katika Kiswahili ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na Kiingereza kimekipa kila chumba mlango wake. Mtu asiyeiba wala kusema uongo ni “honest”. Mtu unayeweza kumwachia droo ya pesa ukaenda msikitini au sokoni bila wasiwasi ni “trustworthy”. Mtu asiyelihama duka kwa sababu ya jirani aliyemwongezea shilingi 500 ni “loyal”. Mtu ambaye akisema atafungua saa moja na nusu, saa moja na nusu kufuli limefunguliwa, hata kama mvua ilinyesha usiku kucha na matatu zimepandisha nauli, huyo ni “reliable”. Kwa kazi ya stoo, nafasi moja ya kujieleza ingetosha kwa “honest” au “reliable”, na kati ya hayo mawili mimi ningechagua “reliable”, kwa sababu kila mtu hujidai kuwa “honest”, hata mwizi, ilhali “reliable” unaweza kulithibitisha kwa mifano ya saa na siku.

Ipo pia nyumba kubwa kuliko hiyo, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa darasa la jioni hukwama zaidi. Ni uvumilivu. Nitumie duka lako, maana nimesimama kwenye kaunta za hadiwea mara nyingi nikiwasubiri mafundi. Anakuja mteja wa misumari. Anataka ya nchi tatu, anabadilisha anataka ya nchi nne, anarudia ya tatu, anauliza bei ya kilo, kisha anauliza bei ya nusu kilo kana kwamba hesabu itabadilika njiani. Wewe unamjibu kwa sauti ile ile uliyoanza nayo. Huo ni uvumilivu, na kwa Kiingereza wewe ni “patient”. Yupo kontrakta aliyechukua mabati kwa deni, nawe umempigia simu kila Ijumaa kwa miezi mitatu, bila kumtukana na bila kuchoka, mpaka M-Pesa ikaingia. Huo nao tunauita uvumilivu, lakini hapa “patient” haitoshi, kwa sababu “patient” husubiri, na wewe hukusubiri, ulirudi tena na tena. Neno ni “persistent”. Iwapo umesoma uhasibu jioni kwa miaka miwili huku ukifanya kazi mchana, ukafeli mtihani mmoja na ukaurudia, hiyo ni “perseverance”, yaani kushikilia jambo refu lenye vikwazo mpaka likamilike. Kijana anayepakua mifuko 60 ya saruji, kila mmoja kilo 50, na anamaliza akiwa bado amesimama wima, ana “endurance”, nguvu ya kuhimili. Na ukifanya kazi kwa amani na wenzako wa dini na kabila lisilo lako, hiyo ni “tolerance”, ambayo pia sisi huiita uvumilivu.

Wahenga wetu waliziona tofauti hizi, ila walizitia kwenye methali badala ya kuziundia maneno. “Mvumilivu hula mbivu” ni ya mtu anayengoja tunda liive, nayo ni “patience”. “Papo kwa papo kamba hukata jiwe” ni ya anayerudia pigo lile lile mahali pale pale, nayo ni “persistence”. Ukishindwa kujua ni neno lipi la Kiingereza linalokufaa, jiulize kwanza ni methali gani ungeambiwa na bibi yako kwa jambo ulilolifanya.

Neno “resilient” nalo limeenea sana katika matangazo ya kazi siku hizi, na watu hulitafsiri kuwa ustahimilivu. Tafsiri hiyo inakubalika, lakini picha iliyomo ndani yake ni tofauti. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuruka kurudi nyuma, mfano wa mpira ulioukandamiza ukarudia umbo lake. Ustahimilivu huonekana wakati mzigo uko begani. “Resilience” huonekana baada ya mzigo kukuangusha, pale unapoinuka. Mama aliyesombewa kibanda chake cha mboga na mafuriko ya Mathare ya mwaka 2024, akakopa kwenye chama na kuanza tena kwa kreti mbili za nyanya, ni “resilient”. Usijiite hivyo kama huna anguko la kusimulia, kwa maana swali linalofuata litakuwa ni wapi ulipoangukia.

Nikuonyeshe sasa jambo la sarufi ambalo naamini litakusaidia kuliko maneno 50 ya binamu yako. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno, Kiingereza hubadilisha mkia. Sisi tukitaka kutoka kwa mtu kwenda kwenye sifa yake, tunaondoa m- na kuweka u-, basi: mvumilivu ana uvumilivu, mwaminifu ana uaminifu, mnyenyekevu ana unyenyekevu. Kiingereza kinakuachia mwanzo na kukuchezea mwishoni, tena kwa mikia mingi: “patient” huzaa “patience”, “reliable” huzaa “reliability”, “honest” huzaa “honesty”, “humble” huzaa “humility”, “ambitious” huzaa “ambition”, “thorough” huzaa “thoroughness”. Kwa kuwa sikio letu limezoea kutafuta tofauti mwanzoni mwa neno, mkia hutupita, na mtu anasema “I am patience”, yaani mimi ni uvumilivu wenyewe. Kosa la pili hutoka mahali hapo hapo. Mchapakazi kwetu ni jina la mtu, kama vile mkulima au mshonaji, kwa hiyo mtu huandika “I am a hardworking” na kuiacha sentensi ikining’inia, wakati “hardworking” ni kivumishi kinachodai jina nyuma yake au kisimame bila “a”. Sema “I am hardworking” au “I am a hardworking person”. Kosa la tatu ni la “kuwa na”. Sisi husema nina bidii, nina nidhamu, nina subira, ndipo huzaliwa “I have hardworking”. Kanuni ni nyepesi: ukitumia “I am”, leta neno la mtu, ukitumia “I have”, leta neno la sifa.

Yako maneno machache ambayo hayafuati kanuni hiyo, na ni yale yale yanayopendwa kwenye mahojiano. La kwanza ni “initiative”. Kiswahili cha hapa kina neno tamu la jambo hilo, nalo ni kujituma: mtu anajituma mwenyewe kabla hajatumwa na mkubwa. Kwa Kiingereza huwezi kusema “I am initiative”. Unasema “I take initiative” au “I show initiative”. La pili ni “integrity”, uadilifu, ambalo Wakenya wengi walilizoea kutokana na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inayohusu uongozi na uadilifu. Halina kivumishi cha kila siku, na “integral” halihusiani nalo kwa maana hiyo. Husemwa “a person of integrity”. Mimi sikushauri ujiite hivyo kwenye kazi ya stoo, kwani ni neno zito linalonuka hotuba. La tatu ni “grit”, ambalo limevuma katika miaka ya karibuni kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Angela Duckworth. Maana yake ya asili ni changarawe, na “gritty” bado humaanisha kitu chenye mchanga mchanga, kwa hiyo usithubutu kujiita “gritty”.

Nije kwenye maneno ya mjini kwetu. Katika matangazo ya kazi za mauzo hapa Nairobi utaona “aggressive” limeandikwa kama sifa, na aliyeandika anataka mtu asiyeona haya kumfuata mteja. Lielewe ulisomapo, lakini usilirudishe kama lilivyo, kwa kuwa mahali pengi neno hilo humweleza mtu mwenye shari. Jibu tangazo kama hilo kwa “energetic” au kwa lile “persistent” letu la hapo juu. Likihitajika neno la mtu anayesimamia msimamo wake bila kumkanyaga mwenzake, hilo ni “assertive”, na kusema kweli sijapata bado neno moja la Kiswahili linalolilingana. “Hustler” nalo limepata heshima mitaani na hata katika siasa za 2022, lakini katika kamusi za Kiingereza bado lina harufu ya utapeli, kwa hiyo liache nje ya ofisi. “Workaholic” wengi hudhani ni daraja la juu la mchapakazi, ilhali limeundwa kwa mfano wa neno la mlevi wa pombe, nalo huashiria mtu asiyeweza kuacha kazi hata akiugua. Kuhusu “God-fearing”, sina ugomvi nalo. Iko shule ya kanisa au taasisi ya dini itakayolitaka waziwazi. Kwa kampuni ya kawaida, liache tu, si kwa kuona haya, bali kwa sababu halimwambii msomaji lolote kuhusu hesabu ya stoo.

“Ambitious” linastahili sentensi kadhaa, kwa kuwa linatutia hofu sisi tuliolelewa tukionywa tusiwe watu wa kutaka makuu. Limetoka kwenye neno la Kilatini la kuzungukazunguka, jinsi wagombea wa Roma ya kale walivyowazungukia watu wakiomba kura, na kwa karne nyingi hata Waingereza walilitumia kwa lawama. Leo ni sifa, ila ina kipimo. Anayeomba kazi ya karani akijiita “very ambitious”, bosi huanza kuhesabu miezi atakayokaa kabla ya kuhama. Ukisema kwamba ungependa siku moja kusimamia stoo nzima, umeshajieleza, na neno lenyewe hukulihitaji.

Sasa ile orodha. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza wakikusanya maneno ya kumweleza mtu, wakapata 17,953. Binamu yako amekupa 50 kati ya bahari hiyo, na mwingine atakupa mengine 50. Watafiti waliokuja baadaye waliyachuja maneno ya aina hiyo mpaka wakabaki na makundi makubwa matano ya tabia, na mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount, walipojumlisha matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia, waliona kwamba kundi moja lilihusiana na utendaji mzuri katika aina zote za kazi walizozichunguza. Uhusiano wenyewe haukuwa mkubwa sana, lakini ulijirudia kila mahali. Kundi hilo linaitwa “conscientiousness”, kutokana na “conscience”, yaani dhamiri. Mtu wa namna hiyo hufanya kazi kwa makini, huimaliza, na huifanya vilevile hata pasipo na msimamizi. Neno lenyewe ni gumu kuliandika na kulitamka. Husikika kama “konshienshasnes”, mkazo ukiwa kwenye “en”. Likikushinda, usihangaike. Sema “careful and thorough”, na kila aliyeko mezani atakuelewa. Vivyo hivyo yapuuze maneno mazitomazito ya mtindo wa “indefatigable” na “assiduous”, ambayo hata Waingereza wenyewe huyaona vitabuni tu.

Kwa hiyo sikuambii ukariri yote. Nakushauri uanze upande wa pili. Chukua karatasi, uandike kwa Kiswahili mambo matano uliyoyafanya kweli katika miaka hii minne dukani: siku ulipogundua upungufu wa mifuko miwili ya saruji ukaitafuta risiti mpaka ikapatikana, deni ulilolikusanya, mgeni uliyemfundisha kazi. Yawe yako, si haya ya kwangu. Kisha kila jambo lipe neno moja tu la Kiingereza, ulihakikishe katika kamusi ya wanafunzi, ile inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza na kutoa sentensi za mfano, kwa sababu sentensi ndizo zitakazokuonyesha kama neno ni la mtu, la mbwa au la hila. Kwa wewe uliye Eastlands, maktaba za Kaloleni na Makadara ziko karibu, ulizia huko. Ukifika kwenye mahojiano, litangulize jambo au litangulize neno, vyovyote vile, lakini visitengane. Kwa mfano, ikiwa ndivyo ulivyo: “I am careful with stock. Every evening I count the cement and the iron sheets, and I check the numbers against the book.” Hayo ni maneno mepesi ya shule ya msingi, na bado karani yeyote wa stoo angejivunia kuyasema. Neno la pili liwe “reliable”, likifuatiwa na saa unayofungua duka. La tatu lichague kutoka kwenye karatasi yako.

Barua uliyoandikiwa saiba nayo inanitia wasiwasi kidogo. Sina neno na vijana wa saiba, lakini barua ile ikiwa na “dynamic” na “results-oriented” ambayo wewe huwezi kuyaeleza, mhojaji atakuuliza hayo hayo. Isome kwa sauti, na kila neno usiloweza kulieleza kwa Kiswahili ulifute.

Yapo mambo ambayo mimi hapa siwezi kukusaidia, kwa kuwa sikusikii. Matamshi yanahitaji sikio la mtu aliye mbele yako. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na Kiingereza huuhamisha hata ndani ya ukoo mmoja: katika “reliable” uko kwenye “li”, katika “reliability” umerukia “bil”. Herufi ya kwanza ya “honest” haitamkwi, na ndiyo maana huandikwa “an honest person”. Wengi pia huongeza “r” katikati ya “perseverance” isiyokuwepo. Mtafute mwalimu, au rafiki anayetumia Kiingereza kazini kila siku, mkae jioni mbili tatu akuulize maswali nawe ujibu ukiwa umeketi wima kama siku yenyewe. Darasa la kulipia lina faida ukikosa mtu wa namna hiyo, lakini usilipie miezi sita kwa ajili ya swali moja la mahojiano. Na kama kilichotokea siku ile ni kwamba mikono ilitetemeka, koo likakauka na maneno unayoyajua vizuri yakakimbia, basi shida si msamiati. Mazoezi ya ana kwa ana hupunguza hofu hiyo kwa watu wengi. Ikiwa hofu inakufuata hata nyumbani, inakunyima usingizi siku nyingi au inakufanya ukatae kuitwa popote, muone mshauri nasaha au mhudumu wa afya, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Mwisho, kuhusu simu. Usiwapigie. Barua fupi ya shukrani baada ya mahojiano hupendeza ikitumwa kesho yake au keshokutwa, lakini sasa mwezi umepita, na ukipiga kueleza neno moja utawakumbusha walilokwisha kulisahau. Wakitangaza nafasi tena, omba tena kwa barua uliyoiandika mwenyewe, na wakikuuliza sifa zako tatu, waanzie na ile hesabu ya jioni.